Kichwa cha Fundi

Mtaani walimwita Mama Wembe, na asiyemjua angedhani ni kwa ajili ya ulimi. Ulimi nao ulikuwa na makali, hilo hakuna wa kubisha, lakini jina lilitokana na kazi. Alikuwa kinyozi. Chumba chake cha mbele kilitazama barabara, na ndani yake mlikuwa na kiti cha chuma ambacho zamani kilizunguka na sasa kimegoma, kioo kilichomeguka pembe moja, benchi la wateja, bakuli la maji, kipande cha sabuni, na ukanda wa ngozi wa kunolea uliosuguliwa mpaka ukang'aa kama kipara. Vijana walikwenda kwa wenye mashine za umeme na muziki. Watu wazima, na wale waliotaka kichwa kiwe kichwa, walikaa kwenye benchi lake wakangoja zamu.

Kazi aliirithi kwa baba yake. Kaka zake ndio waliopewa wembe kwanza, mmoja baada ya mwingine, na mmoja baada ya mwingine wakaukimbia. Huyu alisema mgongo unamuuma, yule akasema hawezi harufu ya sabuni. Siku mkono wa baba ulipoanza kutetemeka katikati ya kazi, binti aliyekuwa akifua vitambaa uani aliingia, akauchukua wembe bila kuambiwa, akamalizia kichwa kilichokuwa nusu. Mwenye kichwa hakujua kama mkono umebadilika mpaka alipofumbua macho. Alipojua alikasirika, lakini angefanya nini, na nywele zimekwisha kuanguka?

Wapo walioapa kwamba vichwa vyao havitashikwa na mwanamke. Walikwenda kwingine, wakarudi na mikwaruzo, wakakaa kwenye benchi kimya kama watoto waliovunja chungu. Naye hakuwacheka usoni. Aliwafunga kitambaa shingoni akakaza kidogo kuliko ilivyohitajika, basi.

Miaka ikapita, na vichwa vikapita chini ya mkono wake mpaka akavijua kama muuza sokoni anavyoyajua matikiti. Viko virefu kama papai. Viko vya mviringo. Viko ambavyo kisogo kimekatika wima kama ukuta, na vingine kisogo kimechomoza nyuma kana kwamba kinachungulia wanaokuja. Utosi wa huyu una bonde, wa yule una kilima. Alikuwa akisema kwamba nyumba moja, baba mmoja na mama mmoja, huzaa vichwa vya kila namna, na kwamba anayetaka kujua watu wametoka wapi kwa kutazama vichwa vyao ataishia kuumwa kichwa yeye. Hata jicho moja lilipoanza kuingia ukungu uzeeni, kazi haikuharibika. Macho yalikuwa ya kuangalia nani anaingia mlangoni. Kunyoa kulikuwa kwa vidole.

Kwa mume wake, alikishika kichwa kabla hajaushika mkono. Alikuwa fundi wa malori, mtu mrefu mwenye harufu ya oili hata akioga mara mbili, na aliingia siku moja akakaa kwenye kiti kama aliyekinunua. Mama Wembe alipofika kwenye paji la uso, kidole gumba chake kilikuta kitu ambacho hakikuwahi kukikuta. Kutoka katikati ya nyusi kwenda juu mpaka utosini palikuwa na kijifereji chembamba chini ya ngozi, kama njia waliyoipitia siafu. Akasimamisha wembe.

"Uliwahi kupasuka?"

"Huo ni mlango, dada," Fundi akasema bila kufumbua macho. "Ukibisha hodi utafunguliwa."

Benchi zima lilicheka. Naye akamkata kidogo nyuma ya sikio, kwa makusudi, ili ajue anaongea na nani. Wiki iliyofuata Fundi alirudi, nywele hazijaota hata za kushikwa na vidole, akataka anyolewe tena. Mambo mengine hayahitaji kuelezwa kirefu. Walioana.

Alimnyoa maisha yao yote. Mwaka ambao mkono wa jeki uliponyoka gereji ukampiga juu ya nyusi ya kushoto, ni yeye aliyeosha kidonda, na kilipopona kikaacha kishimo kinachotosha ncha ya kidole cha mwisho. Fundi akasema sasa mlango umepata kitasa. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kugeuza maumivu yakawa maneno ya kuchekesha, na mkewe alijidai kwamba hayamchekeshi, akageuka ukutani ili acheke.

Walipata mtoto mmoja tu, wa kiume. Mtaani walimwita Msomi tangu alipokuwa mdogo, kwa sababu alisoma hata maandishi ya kwenye magunia. Baba alitaka aende gereji. Mama akakataa katakata. Mwanawe hatashika jeki wala wembe, atashika kalamu. Vichwa vya watu vikamlipia ada mpaka akamaliza shule, na alipomaliza hapakuwa na kalamu ya kushika. Alikaa nyumbani, akazunguka na vyeti vyake, viatu vikaisha upande. Mwishowe alipata kibarua cha kufagia ua wa chuo cha udaktari. Mama yake aliwaambia watu kwamba mwanawe yuko chuoni, akaacha hapo hapo, asieleze anafanya nini chuoni.

Fundi hakukiona kipindi hicho. Alikuwa amekwisha kufa kwa homa iliyomlaza muda mfupi ikamwondoa. Mkewe alimnyoa mara ya mwisho akiwa amelala, hakumwachia mtu mwingine, kisha akazikwa kwenye makaburi ya zamani yaliyokuwa karibu na barabara kuu.

Barabara hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Ilitangazwa kwamba itapanuliwa na makaburi yatahamishwa, kila familia itoe mtu wake aje asimamie kufukuliwa kwa ndugu yake. Mama Wembe akajifunga kanga kwenda. Msomi akamzuia mlangoni.

"Mama, hutaweza kuona yale. Niachie mimi. Baba ni wangu pia."

Maneno hayo yalimwingia mama moyoni kama maji ya baridi siku ya jua. Akamtazama mwanawe akaona amekuwa mtu mzima. Akatoa kitambaa cheupe cha kazini, kile kizuri alichokuwa akimfunga Fundi shingoni, akampa, akamwambia kichwa cha baba yako ukilaze juu ya hiki. Msomi alirudi mchana na sanduku dogo lililokwisha kupigwa misumari. Mama alipolishika upande mmoja aliona ni jepesi, akasema. Msomi akajibu kwamba mifupa hukauka. Nani atamng'olea mwanawe misumari mbele ya watu? Wakazika upya kwenye makaburi mapya, na kila alipokwenda kusafisha, Mama Wembe alikaa upande wa kichwani, akimweleza Fundi habari za mtaa: nani kaoa, nani kafilisika, nani kaja na kipara akataka apunguziwe bei.

Haukupita muda mrefu, Msomi akaajiriwa kweli kweli chuoni. Akatolewa uani akaingizwa ndani, kwenye chumba cha mifupa, kutunza vifaa vya kufundishia. Akapewa koti jeupe. Mama yake alifurahi mpaka akawanyoa wateja wa siku ile bure, na kila aliyekaa kwenye kiti aliambiwa jambo moja: "Baba yake kamwombea huko aliko." Kweli alimwombea. Ila yeye mwenyewe Fundi hakuulizwa.

Msomi alioa, akapata binti, na binti akakua akaingia chuo kile kile anachofanya kazi baba yake. Huyu mjukuu na bibi yake waliitana wake wenza, kama ilivyo kwa bibi na mjukuu, wakigombea mume ambaye mmoja wao hakuwahi kumwona. "Mume wetu alinipenda mimi zaidi," bibi angesema. "Alikuwa hajaniona," mjukuu angejibu, na mchezo ungeendelea hivyo mpaka chai ipoe.

Jumapili moja mjukuu alikaa kwenye benchi, bibi akimnyoa mteja mmoja mzee, wakiongea. Msichana alikuwa na furaha ya mtu aliyeanza kuelewa anachofundishwa. Alieleza kwamba darasani mwao mna mafuvu mengi, mengine ya plastiki, mengine ya watu hasa, yaliyonunuliwa ng'ambo zamani sana na hakuna ajuaye ni ya akina nani. Mwalimu wao wa mifupa huwaambia kwamba binadamu ni mmoja, lakini fuvu halikupigwa chapa moja: tundu la pua la huyu ni pana na la yule ni jembamba, taya la huyu limetokeza, kisogo cha yule kimelala, na mara nyingi wawili wa nyumba moja hutofautiana kuliko wawili waliozaliwa pande mbili za dunia. Zamani, alisema mwalimu, watu walipima vichwa ili wapate sababu ya kudharauliana. Sasa wanasoma tofauti hizo ili wasikosee kutibu. Bibi akaitikia kwamba huyo mwalimu ana akili, angemnyoa bure.

"Tena tuna mmoja wa hapa hapa kwetu," mjukuu akaendelea. "Mwalimu anampenda huyo kama macho yake, ana kabati lake peke yake. Sisi tunamwita Mzee Mstari."

"Mstari gani?"

Mjukuu akachora kwa kidole kwenye paji lake mwenyewe, kutoka katikati ya nyusi kwenda juu. Akaeleza kwamba watoto wote huzaliwa na mshono hapo, paji la uso likiwa vipande viwili, kisha unafunga wangali wadogo. Kwa watu wachache haufungi mpaka kufa. Wapo katika kila taifa, kwingine wengi kidogo, kwingine haba. Daktari asiyejua akiuona kwenye picha atadhani mtu kapasuka, ndiyo maana mwalimu anawapa kila mmoja amshike Mzee Mstari, aupitishie kidole mshono ule.

Mkono wa Mama Wembe ulikuwa umesimama juu ya kichwa cha mteja.

"Na juu ya nyusi ya kushoto," akauliza, "pana kishimo?"

"Umejuaje, Bibi?"

Bibi alimaliza kichwa kile polepole, hakuruka hata unywele mmoja, akakipangusa, akakung'uta kitambaa, akamwaga maji. Mteja alipotoka, Mama Wembe alikaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo tangu ashike wembe hakuna aliyewahi kumwona amekaa.

"Huyo Mzee Mstari wenu," akasema, "ndiye mume wetu."

Msichana alicheka kwanza. Kisha akaacha. Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, akaenda uani akawa anainawa, ananawa tu, mpaka bibi akamfuata akafunga bomba. Akamwambia wewe hukujua. Akamwambia pia akamwite baba yake.

Msomi alikuja kesho yake baada ya kazi, koti jeupe limekunjwa mkononi. Kwanza alisema mafuvu yote yanafanana. Kisha akasema kwamba yasipofanana, haimaanishi kitu, mishono kama ile iko kwa wengi. Mama hakubishana naye. Alimwuliza swali moja tu: kile kitambaa cheupe nilichokupa, ulilaza nini juu yake?

Hapo mwana akakaa chini. Ikatoka yote, vipande vipande. Siku ya kufukua, mwalimu wa mifupa alikuwepo makaburini, akiomba kwa wenye maiti ruhusa ya kupata mifupa ya kufundishia, kwa kuwa watoto wa hapa walikuwa wakijifunza kwa vichwa vya wageni watupu. Wengi walimfukuza. Alipoona paji la Fundi alisimama pale pale kama aliyeona almasi, akamwuliza Msomi kama familia itaridhia. Na Msomi, mfagia ua, ambaye mwalimu yule hajawahi hata kumjibu salamu, aliona mtu mkubwa anamwomba yeye.

"Nikamwambia Baba aliusia hivyo. Nikamwambia na wewe umeridhia, ila majonzi yamekuzuia kuja." Akajifuta uso kwa koti. "Mama, Baba anafundisha madaktari. Fikiria hilo. Fundi wa malori anafundisha madaktari."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Mwanangu," Mama Wembe akasema, "ndiyo maana watu huuliza."

Alichotaka mama kilikuwa kimoja, wala hakukificha: kichwa cha mumewe kirudi kaburini kiungane na mwili wake, na aliyekitoa ndiye akirudishe. Hakutaka kelele. Msomi akamshika magoti, akamwomba asiende chuoni, akifika huko kazi imekwisha, mke na mtoto watakula nini. Ampe siku chache atakileta mwenyewe kimya kimya, wakizike wawili, yaishe. Wazazi ni watu wa ajabu. Aliyekwisha kudanganywa miaka yote ile na mtoto huyu huyu, alikubali. Na si kwamba alikubali kwa shingo upande. Alikubali na moyo ukapumua, akajiambia mtoto akikiri amekwisha kurudi nyumbani.

Siku ya tatu Msomi alikuja asubuhi na mzigo ndani ya kikapu, umefungwa nguo mpya. Kijembe na koleo alikuwa ameviacha nje, ukutani. Alikuwa na haraka. "Twende, Mama, kabla jua halijawa kali."

"Ngoja nimsalimie."

"Tutachelewa."

"Kaningojea miaka yote hiyo. Na wewe unaweza kungoja nimsalimie."

Akafungua nguo, akakipakata kichwa. Jicho lake bovu halikuona kitu na lile zima lilikuwa limejaa machozi, kwa hiyo hakuangalia. Aliweka kidole gumba katikati ya nyusi akakipandisha, kama alivyofanya maisha yake yote. Mstari ulikuwepo. Lakini ulianza ghafla na kwenda umenyooka kama rula, na kingo zake zilikuwa kali. Njia ya Fundi ilikuwa ikipindapinda kama mshono wa mtoto anayejifunza kushona. Huu ulipigwa msumeno. Akatafuta kishimo, akakikuta, duara la keekee ya kutobolea, bado kina unga. Akashuka puani, tundu lilikuwa jembamba, refu, si la mtu aliyelala naye kitanda kimoja. Kisogo, ambacho kwa Fundi kilikuwa kimekatika wima hata mto wowote ulikuwa ukimtosha, hiki kilichomoza, kichwa kikawa hakitulii mapajani, kinataka kubingirika.

Alijua kabla hajafika kisogoni. Aliendelea kushika kwa sababu hakutaka kuinua uso amtazame mwanawe.

"Umemchanja nani huyu?"

"Mama, hayo macho yako sasa—"

"Sijatumia macho."

Msomi alisimama. Akasema maneno mengi, kwamba lile kabati lina ufunguo mmoja anao mwalimu, kwamba alikuwa hana njia, kwamba alifikiri moyo wa mama utatulia na mwisho wa yote mfupa ni mfupa. Mtoto wa kinyozi, aliyelelewa chini ya kiti cha kinyozi, alidhani atamletea mama yake kichwa cha mtu mwingine na mikono ile itakipokea. Hilo ndilo lililomchoma mama kuliko lile la kwanza. La kwanza alilifanya kijana mwenye njaa. Hili kakaa mtu mzima, kashika msumeno, kapima kwa macho mahali pa nyusi, kachora, kapuliza unga, huku akimfikiria mama yake, akihesabu uzee wake kuwa ni bahati yake.

Hakumpiga wala hakumlaani. Alimwambia chukua koleo lako uende. Alipoondoka, Mama Wembe alimpangusa yule mgeni wa kikapuni unga wa usoni, akamweka juu ya kitambaa safi kwenye rafu karibu na kioo, akamwambia pole. Nawe una kwenu, akamwambia. Nawe yuko mtu aliyekuwa akikungoja mpaka chakula kipoe, huko ng'ambo ulikotoka, na hata hakuambiwa umekwenda wapi. Mteja aliyeingia akakuta kichwa kwenye rafu aligeuka mlangoni bila kuaga.

Kesho yake alivaa nguo zake za heshima, akamfunga mgeni ndani ya kikapu, akaenda chuoni. Mlinzi wa getini alimwuliza amebeba nini. Akamwambia mwalimu wa mifupa amepoteza mtu, nami nimemwokota. Mlinzi akampisha.

Mwalimu wa mifupa alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, mpole, mwenye kusimama mgeni anapoingia. Alipoona kilichotoka kikapuni, na alipoona kilivyofanywa usoni, alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Mama Wembe alijieleza kwa ufupi yeye ni nani na amekuja kuchukua nini. Mwalimu akasema kwamba kwa jinsi alivyoelezwa, mama alikuwa ameridhia. Akamwita Msomi.

Msomi aliingia na koti lake jeupe, akamwona mama yake kwenye kiti, na yule mgeni juu ya meza.

"Mama anasema hakuwahi kuulizwa," mwalimu akasema. "Wewe uliniambia nini?"

Ilikuwa nafasi yake. Mama yake alimtazama kwa lile jicho moja, na ukweli ni kwamba hata pale, hata na msumeno ule, alikuwa tayari. Angesema "nilidanganya" angelia naye.

"Alikubali, mwalimu," Msomi akasema, akitazama dirisha. "Amezeeka. Anasahau. Siku hizi hata watu anawachanganya. Ndiyo hayo unayoyaona."

Katika maisha yake Mama Wembe alikuwa ameitwa mengi, na mengi aliyajibu papo hapo. Hili lilimchukua muda. Yeye, aliyekumbuka jina la kila aliyekaa kwenye kiti chake na upande ambao nywele zake huanza kukimbia. Yeye aliyekumbuka mtoto huyu alianza kusimama siku gani, ameshika mguu wa kiti kipi.

"Sawa," akasema. "Nimesahau. Nilikubali nikasahau." Akamwelekezea mwanawe yule mgeni juu ya meza. "Sasa nieleze. Kama nilikubali, huyu alichanjwa usoni kwa ajili ya nani?"

Mwalimu hakungoja jibu lake. Alitoa ufunguo, akafungua kabati, akaleta kichwa cha Fundi kwa mikono miwili, akakiweka mapajani mwa mkewe. Kidole gumba kikaenda chenyewe. Njia ya siafu ilikuwa pale, imepindapinda, na kitasa chake pembeni. Wanafunzi wa miaka yote hiyo walikuwa wameisugua mpaka ikawa laini kama ndani ya kombe. Hakulia. Aliinama tu, akakaa hivyo.

Mwalimu alisema kosa ni lake pia. Alipewa neno na kijana akaliona linamfaa, hakutaka kuvuka barabara kwenda kumwuliza mwenye mume. Kisha, baada ya kusitasita, akamwomba kama angeruhusu wachukue sura ya lile paji kwa plasta kabla halijaondoka, wanafunzi wasikose cha kujifunzia. Aliomba vizuri, kwa adabu, akieleza kila kitu na kila sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Mama Wembe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," akasema.

"Basi, mama," mwalimu akasema, akatafuta kitambaa cha kufungia.

Wote wawili walijua kilichobaki. Mwalimu alisema kazi ya Msomi itabidi iangaliwe, akanyamaza, akimpa mama nafasi ya kusema lile neno ambalo kila mama hulisema. Msomi naye aligeuka kutoka dirishani akamtazama. Mama Wembe alifunga fundo la kitambaa, akalikaza, akaaga.

Mlangoni mwanawe alimshika mkono. "Mama, umechagua mfupa."

"Nimemchagua asiyenisingizia."

Bibi na mjukuu ndio waliozika, pamoja na mchimba kaburi mmoja aliyefungua udongo kwa tahadhari, akalitoa sanduku na kuling'oa misumari. Mjukuu ndiye aliyekiteremsha kichwa mahali pake, aliomba mwenyewe. Hakuna aliyetaniana na mwenzake siku hiyo. Yule mgeni alibaki chuoni, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kumpeleka, lakini mjukuu alisema mwalimu amemwondoa darasani, amemweka peke yake, na hapewi mtu kumshika.

Msomi hakufukuzwa. Alirudishwa uani, kwenye ufagio. Wapo mtaani walioona mama ndiye mkatili. Walikuja mmoja mmoja wakakaa kwenye benchi, wakasema damu ni nzito, wakasema mtoto akinyea mkono haukatwi. Aliwanyoa akawasikiliza. Methali anazijua, aliwaambia, nyingine alizijua kabla hawajazaliwa.

Baada ya miezi kadhaa Msomi akaja. Nywele zilikuwa zimejaa mpaka masikioni, maana tangu azaliwe hakuna mkono mwingine uliowahi kumnyoa. Alikaa mwisho wa benchi kama mteja, akasogea kila walipopungua, mpaka ikafika zamu yake, akainuka.

Mama Wembe alikuwa akinoa. Aliupitisha wembe kwenye ukanda, akaurudisha, akaupitisha tena, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mzee mmoja, rafiki wa Fundi wa tangu gereji, akasema kwa sauti ya chini kwamba shemeji, kichwa ni kile kile ulichokizaa.

"Najua ni kile kile," akasema. "Lakini wembe haupelekwi shingoni kwa mtu hali mkono wangu bado una neno naye."

Akakung'uta kitambaa, akatazama kwenye benchi, nyuma ya mwanawe aliyesimama.

"Anayefuata," akasema.